Ukurasa wa Mama wa Kwanza

Siku nne kabla ya Mwaka Mpya wa Ethiopia, mwezi wa Septemba, ukumbi wa maonyesho wa Addis Ababa ulikuwa umefurika hadi nje ya mlango. Wauza vitabu walipakana na wauza siagi, wauza siagi na wauza magauni meupe ya tarizi, na kila mmoja alikuwa na kipaza sauti chake. Katikati ya zogo hilo, mtoto wa miaka mitano na nusu alisimama mbele ya meza ya vitabu vya watoto. Alimwuliza muuzaji kwa sauti ya mtu anayejua anachotaka:

"Una kitabu cha mtoto ambaye hakutoka tumboni?"

Muuzaji, mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kamba, alicheka. "Watoto wote hutoka tumboni, mrembo wangu."

"Mimi sikutoka. Mimi mama alinitoa mahakamani."

Watu wakaangua kicheko. Mama wa mtoto hakucheka. Lelise Gemechu alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, mwenye shingo ndefu na macho ya mtu asiyelala vya kutosha. Siku hiyo alivaa gauni la kahawia na shali nyeupe mabegani. Alikuwa mfamasia mtaa wa Sidist Kilo, amezoea siri za watu kunong'onwa juu ya kaunta. Kusikia siri yake mwenyewe ikitangazwa sokoni kulimpandisha moto usoni.

"Bontu, twende."

"Lakini hajanijibu!"

"Hana jibu. Twende."

Mwishoni mwa meza alikaa mwanamume aliyekuwa akiwachorea watoto wanyama kwa penseli. Jina lake Dagim Worku, miaka thelathini na mitano, koti lake la kodrai limepauka viwikoni, wino umejaa kwenye kucha. Alimwacha simba bila mkia, akaruka benchi.

"Dada! Dada mwenye shali nyeupe!"

Wanawake kama ishirini wenye shali nyeupe waligeuka. Lelise hakugeuka. Dagim alimfikia penye mauzo ya siagi, akihema.

"Dada, nisamehe. Dakika moja tu."

"Kama umekuja kucheka umechelewa. Wenzako wameshamaliza."

"Sikuja kucheka. Kitabu anachotaka hakipo. Nimekitafuta miaka mingi."

"Wewe unakitafutia nini? Una mtoto wa kuasili?"

Dagim alizungusha penseli mkononi. "Nachora vitabu vya watoto. Najua kilichopo na kisichopo." Kisha akachuchumaa mbele ya Bontu. "Kingekuwepo, ungetaka kiwe na nini ndani?"

Bontu alifikiri. "Mimi. Na mbwa."

"Mnaye mbwa?"

"Hatuna. Ndiyo maana awe kitabuni."

Lelise alijikuta anatabasamu bila kupenda, akauficha mdomo kwa ncha ya shali. Lakini Dagim alikuwa ameshaona.

Wakakubaliana kukitengeneza kitabu hicho wenyewe: Lelise ataandika, na Dagim atachora. Kila Jumamosi walikutana katika mkahawa mmoja wa Arat Kilo, Bontu katikati yao na glasi ya juisi ya parachichi, karatasi zimetapakaa mezani. Walibuni mtaa mmoja wenye milango mingi, na kila mlango ukifunguliwa unaonyesha familia ya namna yake: bibi na mjukuu, baba peke yake na mapacha, shangazi wawili na lundo la wapwa, na mama mmoja mwenye binti aliyemchukua kwa mapenzi. Lelise alikulia Bishoftu miongoni mwa Waoromo, ambako mtoto wa kulea hupewa ukoo mzima mbele ya watu, na anayethubutu kumwita wa nje hutozwa faini. Mjini watu hawakumwambia neno. Walinong'ona tu, na mtoto alikuwa na masikio.

Mkaguzi wa kazi alikuwa Bontu.

"Mbona kila mama ameshika sufuria?" aliuliza siku moja. "Mama yangu akipika mchuzi wa shiro unaungua."

"Bontu!"

"Si kweli?"

Dagim alicheka hadi kahawa ikampalia. Juma lililofuata mama wa kitabuni alikuwa ameshika chupa ya dawa, na sufuria nyuma yake ikifuka moshi.

Katikati ya juma kulikuwa na simu za Dagim.

"Mfamasia, nina maumivu."

"Ya wapi?"

"Kifuani, upande wa kushoto. Huanza Jumapili, hutulia Jumamosi."

"Dawa yake sina. Kunywa maji."

"Maji hayasaidii. Sauti ndiyo inatuliza kidogo."

"Basi dozi yako ya leo imekwisha. Nina wateja wanne hapa, na wote wananitazama ninavyocheka peke yangu. Kata simu, bwana wewe!"

Siku ya Timkat, sikukuu ya ubatizo mwezi wa Januari, katika umati wa uwanja wa Jan Meda, Dagim alimrushia ndimu kama vijana wafanyavyo kwa msichana waliyemchagua. Ilimpata shingoni.

"Mzee mzima, huoni haya?"

"Nililenga bega."

"Basi baki na kuchora, mpenzi. Kulenga hujui."

Neno hilo "mpenzi" lilimponyoka. Alipolisikia mwenyewe alitazama chini, na Dagim akamshika mkono mbele ya watu wote. Lelise hakuuondoa.

Ugomvi ulianza mwezi wa Machi, kitabu kikiwa kimebakiza ukurasa mmoja. Dagim aliuweka mezani ukiwa mtupu.

"Hapa ni mama wa kwanza," alisema. "Aliyemzaa."

Lelise aliusukuma nyuma. "Hadithi inaanza siku nilipompokea."

"Mtoto hakuanza siku hiyo."

"Dagim, niliambiwa aliachwa hospitali ya Adama akiwa na siku tatu. Sina jina, sina sura, sina chochote. Nimwandikie nini?"

"Andika kwamba alikuwepo."

"Ili Bontu aanze kumtafuta?"

"Atauliza tu, Lelise."

"Akiuliza nitamjibu mimi. Si wewe!"

Watu wa meza ya pili waligeuka. Dagim alikunja penseli zake ndani ya kitambaa. Kisha akauliza taratibu, "Ofisi iliyokupa karatasi zake, ile ya ustawi wa watoto... faili za zamani bado wanazo?"

"Kwa nini?"

"Nauliza tu."

Lelise alimtajia ofisi. Alijibu akiwa amechoka, wala hakuliwazia tena swali lile mpaka wiki mbili baadaye.

Siku hiyo alipanda hadi mtaa wa Shiro Meda, kwenye chumba cha kazi cha Dagim, nyuma ya nyumba ya mama yake, Mama Atsede. Alikuwa amevaa gauni jipya la kijani na kujipaka manukato nyuma ya masikio. Alikuja kusema kwamba ameufikiria ule ukurasa, labda sentensi moja itamtosha. Mlango ulikuwa wazi, chumba kitupu. Nje, upande wa pili wa dirisha, Dagim alikuwa akizungumza na simu.

"Jina la mama mzazi limepatikana? ... Adama? Una hakika? ... Hapana, Lelise sijamwambia, na nakuomba asijue kwanza. Alhamisi nakwenda mwenyewe."

Juu ya meza kulikuwa na bahasha yenye muhuri wa ofisi ya ustawi. Karatasi ilikuwa imechomoza, na Lelise alisoma mstari mmoja tu: Ombi la kumtafuta mama mzazi wa mtoto aliyeasiliwa.

Hakuigusa karatasi. Alitoka kwa mlango aliouingilia, akashuka mteremko karibu mbio, visigino vikimpinda kwenye mawe. Alipofika barabarani alipiga simu.

"Lelise! Roho yangu, nilikuwa nakaribia..."

"Usimkaribie mwanangu."

"Nini?"

"Umesikia. Nilikupa kitabu, ukataka faili. Nilikupa moyo, ukaenda kuchimba nyuma ya mgongo wangu. Nimesikia kwa masikio yangu, Dagim. Adama!"

Kama Dagim angesema sentensi moja tu, mambo yangeishia hapo. Lakini sentensi hiyo Dagim alikuwa hajamwambia mtu yeyote tangu akiwa na miaka kumi na minne, na safari hii pia aliikwepa.

"Si unavyodhani," alisema mwishowe.

"Basi ni vipi?"

"Nipe mpaka Alhamisi."

Lelise alikata simu, akaizuia namba yake.

Bontu aliuliza Jumamosi, akauliza Jumapili. "Dagim yuko wapi?" Akaambiwa ana kazi. Jumatatu alirudi shuleni na midomo imebana, hakutaka chakula.

"Nani amekuudhi?"

"Rafiki yangu Hana anasema wewe si mama yangu halisi. Halisi ni yule wa tumboni." Alijigusa kishimo cha shavuni. "Mama, na yeye anacho hiki?"

Lelise alifungua mdomo. Maneno yote aliyoahidi kumjibu siku akiuliza hayakuwepo. "Sijui, mwanangu," alisema, kisha kwa woga akaongeza, "Tusizungumze hayo sasa. Kula."

Bontu hakula. Wala hakuuliza tena, na ukimya huo ndio ulimtisha Lelise zaidi.

Alhamisi mchana mvua ilianguka kwa nguvu. Saa nane na nusu Lelise alifika getini mwa shule na mwavuli, akamkuta mlinzi anatazama huku na huku.

"Bontu? Si ameshachukuliwa?"

"Na nani?"

"Walitoka wengi pamoja, dada, mvua ilikuwa..."

"Na nani, nakuuliza!"

Mlinzi hakujua. Mwalimu hakujua. Lelise alisimama katika mvua, mwavuli umemponyoka, na kichwani mwake kulikuwa na maneno mawili tu: Alhamisi na Adama. Alifungua namba aliyoizuia. Alikosea mara mbili kabla simu haijaita.

"Lelise?"

"Uko wapi?"

"Adama. Nilikuambia..."

"Umempa huyo mama wa Adama jina la shule? Umemtuma aje amchukue mwanangu? Dagim, nakuomba, mwambie amrudishe, nitafanya lolote, nitasaini lolote..."

"Subiri. Bontu hayupo?"

"Unaniuliza wewe!"

"Lelise, sikiliza. Sijamtuma mtu. Naapa kwa uhai wa mama yangu. Wakati wa kutoka alikuwa peke yake?"

"Hawajui! Hakuna anayejua!"

"Kutoka shuleni hadi kwetu ni barabara moja tu, ya kupanda. Tumeipita naye mara ngapi? Nenda Shiro Meda. Nampigia mama sasa hivi, na mimi narudi."

Lelise hakungoja gari. Alipanda barabara ya Entoto kwa miguu, viatu mkononi, maji mekundu yakishuka kinyume naye. Alimwuliza kila aliyemwona, wauza mahindi ya kuchoma, wanawake walioteremka na mizigo ya kuni, wafumaji waliojibanza chini ya mabati. Mmoja alisema amemwona mtoto mwenye mkoba mwekundu. Mwingine akasema ni mvulana. Simu ya Dagim ilipolia alikuwa hana pumzi ya kujibu. Alisikia tu sauti yake: "Mama hapokei. Endelea kupanda."

Mlango wa Mama Atsede ulikuwa umerudishiwa tu. Kabla hajausukuma, alisikia sauti ndogo anayoijua kuliko sauti zote duniani.

"Kwa hiyo Dagim hayupo?"

"Atarudi. Kunywa chai, umelowa kama kifaranga."

Lelise alijishika kwenye fremu ya mlango, analia bila sauti.

"Nilitaka anichoree mama wa tumboni," alisema Bontu. "Mama yangu hataki. Wewe ulimtoa Dagim tumboni?"

Bibi aliacha kusokota pamba. Mama Atsede alikuwa mjane wa miaka sabini, na katika mtaa ule alikuwa amesema kwa miaka thelathini na mitano kwamba mwanawe alizaliwa kwa taabu usiku wa mvua.

"Hapana, mwanangu," alisema. "Sikumtoa. Nililetewa amefungwa kwenye kitambaa, ana siku saba, analia kama mbuzi."

"Yeye anajua?"

"Anajua tangu shule. Aliiona karatasi yake, akairudisha mahali pake, akafikiri sikumwona. Leo amekwenda Adama kumtafuta mama aliyemzaa. Amenidanganya anakwenda kununua karatasi za kuchorea." Sauti ya bibi ilipasuka kidogo. "Nimemfungia mkate wa njiani. Sikusema neno. Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Kwamba akimpata, hatarudi."

Lelise alisukuma mlango. Bontu alikuwa amekaa juu ya kigoda, amefunikwa shali nzima ya bibi, kikombe mikononi. Alipomwona mama yake alianza kulia, na Lelise alimkumbatia pamoja na shali, chai na yote.

"Usinichape."

"Sikuchapi. Nisamehe mimi." Alimshika mashavu. "Mama aliyekuzaa simjui, Bontu, na nilikuwa naogopa kusema simjui. Kishimo hiki labda ni chake. Nadhani ni chake. Tutasema hivyo, sawa? Tutalizungumza kila unapotaka."

Bontu aliitikia kwa kichwa, akipangusa pua kwenye shali ya bibi.

Mama Atsede alikuwa akimtazama Lelise. "Umesikia yote."

"Nimesikia, mama. Na nimemfanyia mwanao ubaya. Nilidhani anamtafuta mama wa mwanangu."

"Na yeye mbona hakukuambia?"

"Sijui."

"Mimi najua," alisema bibi. "Nimemfundisha mwenyewe kunyamaza."

Dagim aliingia saa kumi na moja jioni, koti lake la kodrai limebadilika rangi kwa maji. Alimtazama Bontu kwanza, akaegemea ukuta na kushusha pumzi ya saa mbili nzima. Kisha akamwona Lelise, kisha mama yake, na kutoka kwenye nyuso zao akajua kwamba hakuna kilichobaki cha kuficha.

"Umekula?" aliuliza Mama Atsede.

"Mama..."

"Nimekuuliza umekula."

"Bado."

"Ulimkuta?"

Dagim alitazama sakafu. "Amefariki. Miaka minne sasa. Nimemkuta dada yake."

Bibi aliinuka kwa shida, akamfikia, akaanza kumvua koti lililolowa kama anayemvua mtoto. "Jina lake nani?"

"Wagaye."

"Wagaye," alirudia Mama Atsede. "Miaka yote namwombea nikisema 'yule' tu. Sasa ana jina." Mikono yake ilisimama juu ya kifungo. Dagim aliinamisha kichwa begani mwa mama yake, mwanamume mzima, na bibi akampiga mgongo polepole.

Walipokwisha kula, Bontu alimletea penseli.

"Sina picha yake, rafiki yangu," Dagim alimwambia. "Dada yake hana hata moja. Mchoraji mzima, nimerudi bila uso."

"Wangu pia hana uso," alisema Bontu. "Mchore ameinama. Anamfunika mtoto kwa kitambaa. Akiinama uso hauonekani."

Dagim alichora. Lelise, nyuma ya bega lake, aliandika chini yake sentensi mbili: Kwanza alikuwepo mama aliyenibeba. Alinifunika vizuri ili nisipate baridi njiani.

Mvua ilikuwa imekatika. Walitoka barazani wawili, huku Bontu amesinzia ndani mapajani mwa bibi.

"Ungeniambia," Lelise alisema.

"Ungeniuliza."

"Nilikuuliza. Nikakukatia simu kabla hujajibu." Alijikunyata, na Dagim akamwekea shali vizuri mabegani. "Umelizuru kaburi lake?"

"Nilifika getini. Ndipo ukapiga simu."

"Ukageuka?"

"Mama aliyenizaa hana haraka tena, Lelise. Bontu alikuwa kwenye mvua."

Chini yao taa za mji zilikuwa zinaanza kuwaka moja moja.

"Jumapili tunakwenda wote," alisema. "Mimi nawe."

"Yule dada yake ataniuliza wewe ni nani kwangu. Niseme nani?"

"Sema mchumba wako."

Dagim aligeuka taratibu. "Mfamasia, usinitanie. Leo moyo wangu hauwezi."

"Nani anatania? Lakini baba yangu ni mtu wa desturi. Tuma wazee wa posa Bishoftu kabla ya Jumapili."

"Leo ni Alhamisi!"

"Basi wazee wako waamke mapema, kipenzi."

Dagim alisukuma mlango. "Mama! Nahitaji wazee watatu!"

"Wawili ninao," ilijibu sauti ya Mama Atsede kutoka ndani, chini chini ili isimwamshe mtoto. "Wa tatu tafuta mwenyewe."

Jumamosi asubuhi wazee watatu walifika barazani kwa Gemechu, baba yake Lelise, huko Bishoftu. Mzee aliwaweka wima kwanza muda mrefu kama desturi, akawauliza maswali magumu kuhusu mwanamume anayeishi kwa kuchora mbwa, kisha akawapa viti. Jumapili watu wanne walishuka Adama. Kaburi lilikuwa dogo, limeota majani pembeni. Dagim alisimama nyuma kidogo, kwa sababu hakujua mtu husema nini mahali kama pale, na Lelise alimshika mkono upande mmoja, Bontu upande mwingine.

Mama Atsede ndiye aliyetangulia. Alipiga magoti, akang'oa majani kwa mikono yake mpaka jiwe likaonekana lote, akalifuta kwa ncha ya shali.

"Wagaye," alisema, "mwanao huyu hapa. Tusamehe tumechelewa."